Mkono Kabla ya Bisibisi: Kuiweka Sawa Redio Ndogo ya Masafa ya Kati

UTANGULIZI

Kitabu kilichofungwa leo hufunguliwa tena kesho. Kipindi cha redio kikipita kimepita. Mwalimu aliyewatayarisha watoto wasikilize kipindi, kisha akapata mikwaruzo badala ya maneno, hakupoteza dakika ishirini tu. Amepoteza maandalio yake, utulivu wa darasa, na imani ya watoto kwamba kifaa kile kina jambo la kuwafunza. Kwa hiyo ujuzi wa kuiweka sawa redio ni sehemu ya ujuzi wa kufundisha, kama ulivyo ujuzi wa kuandika ubaoni.

Nchi yetu imejifunza mengi kwa njia hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu wazima nchini kote vilikusanyika mbele ya redio, vikasikiliza, vikasoma vijitabu na kujadiliana juu ya malaria, kuhara na uchimbaji wa vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalirushwa tena kwa redio na televisheni. Kila mara kipindi kilikuwa kimoja kwa nchi nzima, lakini usikivu haukuwa mmoja. Kikundi kimoja kilipata kila neno, na kingine kilipata nusu yake.

Siku hizi stesheni za FM zimeenea, na mwanachuo anaweza kuuliza kwa nini tushughulike na masafa ya kati. Sababu ni mbili. Kwanza, mawimbi ya FM husafiri zaidi kwa mstari ulionyooka. Mtu aliye juu ya uwanda wa Makonde huyapata vizuri, lakini aliye bondeni chini ya ukingo wake huenda asiyapate. Mawimbi ya masafa ya kati hufuata mgongo wa ardhi, na usiku huruka mbali sana. Pili, na hili ndilo kubwa kwa mwalimu, redio ya masafa ya kati huonyesha sayansi mikononi mwa mtoto. Ukiigeuza inasikika, ukiigeuza tena inanyamaza. Ni vifaa vichache vya bei ndogo kama hiyo vinavyojibu upesi namna hiyo.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha katika shule kama zile za Chilangala, wilayani Newala, ambako redio moja inaweza kutegemewa na shule nzima. Kanuni yake ni hii: anza nje kabla ya ndani, tumia mkono kabla ya bisibisi, na badili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

MADHUMUNI YA SOMO

Mwisho wa vipindi viwili vya dakika arobaini, mwanafunzi wa Darasa la VI aweze:
(a) kutaja mambo manne ya nje yanayoharibu usikivu wa redio;
(b) kutumia redio kutafuta uelekeo wa stesheni;
(c) kueleza kwa nini stesheni za mbali husikika usiku kuliko mchana;
(d) kuandika matokeo ya jaribio kwa utaratibu.

VIFAA

Redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati (redio mbili zikipatikana, vizuri zaidi). Dira, au kivuli cha kijiti cha kupatia kaskazini. Waya mwembamba wa shaba wa mita kumi hivi. Kipande cha msasa. Kalamu ya risasi. Taa ya LED au kichaji cha simu. Redio inayotumia umeme wa ukutani isifunguliwe darasani kwa sababu yo yote ile.

MAELEZO KWA MWALIMU

1. Namba za stesheni

Kilohezi moja ni mitetemo 1,000 kwa sekunde. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1975 ulipanga masafa ya kati kwa Afrika, Ulaya, Asia na nchi za Pasifiki ya magharibi, na mpango huo ukaanza kutumika Novemba 1978. Stesheni hupangwa kuanzia kilohezi 531 hadi 1602, kwa hatua ya kilohezi 9. Kila namba ya stesheni hugawanyika kwa 9 bila baki. Hapa hesabu na sayansi hukutana: 603 ni 9 mara 67, na mtoto anaweza kuihakiki kwa kujumlisha tarakimu zake, 6 na 0 na 3, akapata 9. Mshale wa redio ukiwa karibu na 600, stesheni inayosikika huenda ni 594, 603 au 612, lakini haiwezi kuwa 600 kamili ikiwa imefuata mpango huo.

Redio za zamani zimeandikwa mita badala ya kilohezi. Gawanya 300,000 kwa idadi ya kilohezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kilohezi 600 ni mita 500. Kilohezi 1500 ni mita 200.

2. Ufito wa feraiti

Ndani ya redio umo ufito mweusi wenye urefu wa kidole au zaidi, uliozungushiwa waya mwembamba. Hiyo ndiyo antena ya masafa ya kati. Ile fimbo ya chuma inayovutwa juu kwa kawaida ni ya FM na masafa mafupi. Kuizungusha wakati wa kusikiliza masafa ya kati ni kazi bure.

Ufito hupokea vizuri mawimbi yanayotoka ubavuni mwake, na hupokea vibaya yale yanayotoka upande wa ncha zake. Katika redio nyingi umelala toka kushoto hadi kulia, sambamba na uso wa redio. Kwa hiyo uso au mgongo wa redio utazame stesheni.

Tazama ramani. Dar es Salaam iko karibu kaskazini kabisa mwa Newala, zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Kwa stesheni ya huko, ufito ulale mashariki-magharibi, uso wa redio ukitazama kaskazini au kusini. Mji wa Mtwara uko upande wa kaskazini-mashariki. Kwa stesheni ya huko ufito ulale toka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki. Redio ile ile, meza ile ile, lakini robo ya mzunguko inaweza kutenganisha sauti safi na mvumo mtupu.

3. Mchana na usiku

Juu angani, kati ya kilomita 60 na 90 hivi, mwanga wa jua hufanya tabaka linalomeza mawimbi ya masafa ya kati. Mchana basi tunategemea mawimbi yanayotambaa ardhini, nayo hufifia kadiri yanavyokwenda mbali. Jua likitua, tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupanda hadi matabaka ya juu zaidi na kurudishwa chini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Ndiyo maana stesheni isiyosikika adhuhuri husikika saa mbili usiku, nayo hupanda na kushuka kama mtu anayezungumza huku akitembea. Hali hiyo si ugonjwa wa redio, wala hakuna skrubu ya kuitibu.

4. Adui wa karibu

Wakati wa masika radi hutoa mikwaruzo ya ghafla, hata ikiwa mbali. Lakini siku hizi adui mkubwa yumo ndani ya nyumba: taa za LED za bei ya chini, vichaji vya simu, na vidhibiti vya umeme wa jua. Vifaa hivi hukatakata umeme kwa kasi kubwa, na mkato huo hutoa mawimbi yanayoingia katika redio kama mvumo usiokoma. Shule iliyofungiwa paneli za jua huweza kuona redio yake imeharibika mwezi ule ule, kumbe redio ni nzima. Paa la mabati nalo hupunguza mawimbi yanayoingia darasani; redio ikae karibu na dirisha.

KIPINDI CHA KWANZA: NJE YA REDIO

Hatua ya 1. Fungua redio kwenye stesheni dhaifu, lakini inayotambulika. Usichague yenye nguvu. Redio ina saketi inayopandisha sauti dhaifu na kuzuia ile kubwa. Kwa stesheni yenye nguvu saketi hiyo huficha tofauti, na watoto hawatasikia mabadiliko yo yote. Mchana pasiposikika stesheni, tumia mvumo wa taa ya LED au wa kichaji kama chanzo cha mawimbi. Watoto watafute uelekeo wake.

Hatua ya 2. Waulize watoto: "Tunaweza kubadili nini bila kuifungua redio?" Andika majibu yote ubaoni, hata yale unayojua kwamba hayatasaidia. Kisha yajaribuni moja moja.

Hatua ya 3. Betri. Toa mawe, yapanguse, na usugue vibati vya mguso kwa msasa mpaka ving'ae. Jiwe jipya ni volti 1.5. Mawe yaliyochoka hufanya sauti ikwame au stesheni zihame mahali pake. Usichanganye mawe mapya na yaliyochoka. Mtu aliyeoanisha redio kwa mawe mabovu atalazimika kuioanisha tena akiweka mapya.

Hatua ya 4. Kuzungusha redio. Chora duara chini kwa chaki, weka alama za kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Mtoto mmoja azungushe redio polepole; wengine wafumbe macho na kunyanyua mkono sauti inapofifia kabisa. Zingatia kwamba tunatafuta mahali pa kufifia, si mahali pa nguvu. Sauti kubwa hukaa kubwa kwa sehemu pana ya duara, lakini kufifia hutokea mahali pembamba, na kwa hiyo hupimika vizuri. Hapo ncha za ufito zinaelekea kwenye stesheni. Watoto wataona kwamba kuna sehemu mbili za kufifia zinazotazamana. Usiwape jibu, waulize ni ipi iliyo ya kweli, na ramani ya Tanzania iamue. Jaribio hili lifanywe mchana, maana usiku mawimbi yanayorudi toka angani huvuruga mahali pa kufifia.

Hatua ya 5. Kuzima adui. Zima taa na vichaji kimoja kimoja, kila mara mkisikiliza. Mtoto mmoja aandike: kifaa, mvumo kabla, mvumo baada.

Hatua ya 6. Waya wa nje. Funga waya wa shaba kwenye tawi la mkorosho, kisha ncha ya chini uizungushe mara tano kwenye redio, mahali penye koili, kama mtu afungavyo kamba kwenye mzigo wa kuni: ufito uwe ndani ya mizunguko kama kuni zilivyo ndani ya kamba. Ncha iliyobaki iungwe na kijiti cha chuma kilichopigwa ardhini. Uwanda wa Makonde hauna maji ya karibu, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Kijiti kipigwe mahali panapomwagwa maji ya kunawia mikono. Watoto walinganishe usikivu kabla na baada ya kumwaga ndoo ya maji.

Tahadhari: waya usipite juu au chini ya nyaya za umeme, na usifungwe kamwe kwenye nguzo ya umeme. Dalili za mvua zikionekana, waya ufunguliwe na kutolewa nje ya darasa mara moja.

KIPINDI CHA PILI: NDANI YA REDIO KWA AKILI

Mtoto wa Darasa la VI hahitaji kugusa skrubu ili aelewe yaliyomo ndani. Redio nyingi za transista hutumia mpango ulioandaliwa na Mmarekani Edwin Armstrong mwaka 1918. Ndani ya redio mna saketi ndogo, osileta, inayotoa mawimbi yake yenyewe. Mawimbi hayo huchanganywa na ya stesheni, na tofauti yao hupelekwa mbele ikuzwe. Katika redio nyingi tofauti hiyo ni kilohezi 455 daima. Ukitafuta stesheni ya 603, osileta inakuwa kwenye 1058. Ukihamia 1404, osileta inakwenda 1859. Gurudumu la kutafutia stesheni huendesha vitu viwili pamoja: osileta na saketi ya antena. Hao ni kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mmoja akichelewa, kazi inaharibika.

Jaribio. Weka redio mbili karibu karibu. Redio ya kwanza iwe kwenye 600, sauti yake ikiwa imepunguzwa hadi mwisho. Hesabu: 600 na 455 ni 1055. Sasa mtoto azungushe redio ya pili polepole karibu na 1055. Atafika mahali ambapo mvumo unapungua ghafla, au panatokea mluzi ikiwa pana stesheni karibu. Hayo ni mawimbi ya osileta ya redio ya kwanza. Sogeza mshale wa ile ya kwanza kidogo, na mahali pale patahama. Watoto wamekisia kwa hesabu jambo lisiloonekana, kisha wamelisikia kwa masikio. Ukiwa na muda wa jaribio moja tu katika makala hii, fanya hili.

KUOANISHA: KAZI YA MWALIMU BAADA YA SHULE

Hatua zote za nje zikifanywa na usikivu ukabaki hafifu, au stesheni zikiwa mbali na namba zake kwenye bamba, ndipo redio ifunguliwe. Redio nyingi mpya za bei nafuu hutumia kipande kimoja cha elektroniki kinachofanya karibu kazi yote, nazo hazina skrubu za kuoanisha; ukikuta hivyo, zifunge na ushukuru. Maelezo yafuatayo ni ya redio za transista za mtindo wa zamani.

Kifaa cha kugeuzia kisiwe cha chuma. Bisibisi ya chuma hubadili koili inapoikaribia, hivyo ukiiondoa mpangilio unahama. Chonga kijiti cha mwanzi mkavu, au omba kipande chembamba cha mpingo kwa mchongaji. Mpingo hushika makali bila kuvunjika upesi. Kabla ya kugusa cho chote, chora mahali pa kila skrubu kwa kalamu ya risasi, ili uweze kurudi ulikotoka.

Utaona visanduku vidogo vya bati vyenye vichwa vya rangi. Kwa desturi chekundu ni koili ya osileta. Cha njano, cheupe na cheusi ni vya ile tofauti ya kilohezi 455. Hivi vitatu usiviguse. Bila chombo cha kupimia huwezi kujua kama uko kwenye 455 au pengine, na redio iliyovurugwa hapo huwa ngumu kurudishwa.

(i) Upande wa namba ndogo. Tafuta stesheni unayoijua karibu na 600. Weka mshale kwenye namba yake halisi, kisha geuza kichwa chekundu kidogo kidogo, si zaidi ya robo mzunguko, mpaka stesheni ije pale.

(ii) Upande wa namba kubwa. Tafuta stesheni unayoijua karibu na 1400. Weka mshale kwenye namba yake, kisha geuza kiskrubu cha osileta kilicho mgongoni mwa kapasita ya kutafutia stesheni.

(iii) Rudia (i) na (ii) mara mbili au tatu, kwa kuwa kila upande huvuta mwenzake.

(iv) Antena. Rudi karibu na 600, usogeze koili juu ya ufito wa feraiti mpaka sauti iwe kubwa kabisa. Kisha nenda karibu na 1400, ugeuze kiskrubu cha antena mpaka sauti iwe kubwa kabisa. Rudia. Stesheni ikiwa na nguvu mno, geuza redio nzima mpaka ifie, ndipo usawazishe. Sikio hutambua vizuri zaidi badiliko la sauti ndogo.

(v) Dondosha nta ya mshumaa juu ya koili isihame.

Kazi ya usiku ina mtego wake: sauti hupanda na kushuka yenyewe. Kabla ya kuamini kwamba skrubu imesaidia, ondoa mkono na usubiri dakika moja. Ikibaki vile vile, endelea.

MAMBO YA KUEPUKWA NA MWANACHUO

Kosa la kwanza ni kugeuza skrubu mbili kwa pamoja. Redio ikipona hujui iliyoiponya; ikizidi kuugua hujui iliyoiua. La pili ni kulazimisha kichwa cha feraiti kilichokwama, kikipasuka hakiungwi. La tatu ni la ufundishaji, nalo ni baya kuliko yote: mwalimu huishika redio yeye, husikiliza yeye, kisha huwaambia watoto kilichotokea. Somo hili likiendeshwa hivyo halina tofauti na kusoma habari za chakula kwa mtu mwenye njaa. Mkono wa mtoto uzungushe, na sikio la mtoto liamue.

MAZOEZI

1. Stesheni zipi kati ya hizi haziwezi kuwa katika mpango wa mwaka 1975: 648, 700, 837, 1000, 1215? Eleza ulivyojua.
2. Mshale uko kwenye 900. Osileta inatoa kilohezi ngapi?
3. Sauti ya stesheni ilififia kabisa ncha za ufito zilipoelekea mashariki na magharibi. Je, stesheni hiyo inaweza kuwa Dar es Salaam ukiwa Chilangala? Toa sababu.
4. Redio ya shule ilisikika vizuri mpaka taa mpya zilipofungwa. Andika hatua tatu utakazochukua, kwa utaratibu, kabla ya kuifungua.

HITIMISHO

Kati ya mambo yote yaliyoelezwa, mengi hayahitaji bisibisi, nayo ndiyo yanayorudisha sauti mara nyingi zaidi: mguso uliosuguliwa, mawe mazima, dirisha, robo ya mzunguko, na taa iliyozimwa. Mwalimu anayefuata utaratibu huu huiokoa redio ya shule isiharibiwe na papara. Tena huwaonyesha watoto jinsi ya kushughulikia jambo lo lote lisilofahamika: kutazama, kukisia, kubadili jambo moja, kusikiliza, na kuandika. Kabla ya kwenda kwenye mazoezi, kila mwanachuo afanye hatua zote sita za kipindi cha kwanza hapa chuoni, kwa redio ya bweni lake, na alete duara lake la chaki likiwa limenakiliwa katika daftari.